Risiti Zilizopigwa Pasi

Mtaa mzima ulimwita Nyoosha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwapo, lakini halikuwa na kazi. Alikuwa dobi, na hakuweza kuona mkunjo akaupita. Alipiga pasi mashati na suruali, na hiyo ni kazi yake. Lakini alipiga pasi pia gazeti kabla ya kulisoma, na kamba za viatu kabla ya kwenda kwenye harusi. Noti kuukuu ikiingia dukani kwake, ilitoka imenyooka kama imetoka benki asubuhi ile.

Mkewe alifanya kazi nyuma ya duka, kwenye uwanja mdogo wa saruji. Hapo palikuwa na makarai, mashine moja ya kufulia na kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa madoa. Mchuzi, wino, kutu, jasho, yote aliyajua na dawa yake aliijua. Wateja walimwita Mama Doa, na jina hilo alilipokea kichwa juu.

"Wenzangu wameitwa kwa watoto wao," alisema. "Mimi nimeitwa kwa kazi yangu."

Mama Doa alikuwa na jambo moja moyoni. Lilianza siku alipojifungua mtoto wao wa mwisho katika hospitali ya mji. Alilazwa juu ya shuka lililokuwa safi kwa jicho la daktari, lakini si kwa jicho lake. Lilikuwa gumu kwa sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri. Katikati palikuwa na doa la zamani, tena limepigwa pasi. Mumewe alipokuja kumwona mtoto, Mama Doa alimwonyesha shuka kwanza.

"Siku moja mashuka haya tutafua sisi," alisema.

"Mke wangu, wewe umetoka leba sasa hivi."

"Nimetoka leba, sijatoka kazini."

Nyoosha alicheka. Lakini alimjua mkewe, na alijua kwamba neno hilo halikuwa la mchezo.

Mtoto huyo sasa alikuwa anakwenda shule. Asubuhi moja mtunza stoo wa hospitali alikuja kuchukua koti lake jeupe. Alilitazama koti, akalivaa palepale, akajitazama kwenye kioo.

"Hospitali inatafuta dobi wa mashuka," alisema. "Mashine zetu zimechoka. Nimewataja ninyi kwa mganga mkuu."

Mama Doa alitoka nyuma na mikono yenye povu. Hakuikausha.

"Umesemaje, kaka?"

"Nimesema kuna watu wanafua kweli. Andikeni maombi. Lakini lazima muwe na cheti cha kodi. Ofisi ya kodi inaandika kwamba mmetimiza wajibu wenu. Bila cheti hicho barua yenu haisomwi. Na mwisho wa mwezi wanafunga."

Alipoondoka, mume na mke walitazamana. Namba ya mlipa kodi walikuwa nayo. Waliipata mwaka uliopita tu, walipokata leseni ya duka. Lakini taarifa ya mwaka, ile inayoitwa ritani, walikuwa hawajapeleka. Kila wakisikia neno kodi, walikumbuka kazi nyingine ya haraka. Jambo moja tu walilifanya vizuri. Waliambiwa watunze risiti, wakazitunza. Nyoosha alizitia zote kwenye mfuko wa nailoni, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mchana huo Mama Doa alikwenda kupeleka nguo za wateja. Nyoosha akauteremsha mfuko. Akamwaga risiti mezani, akaguna. Zilikuwa zimejikunja, zimesokotana, nyingine ndogo kama kidole. Risiti za sabuni, za dawa ya madoa, za mashine ya kufulia, za matengenezo ya mashine. Karatasi za namna hii ziende ofisini kwa wakubwa? Aibu iliyoje kwa dobi.

Basi akafanya kama anavyofanya kwa nguo laini. Alitandika kitambaa, akazipanga risiti juu yake moja moja, akafunika kwa kitambaa cha pili. Kisha akashusha pasi. Alikandamiza polepole, kwa upendo, kutoka pembe hadi pembe. Akarudia tena ili kazi iwe kazi.

Alipofunua, karatasi zilikuwa zimenyooka kabisa. Zilikuwa pia nyeusi tii.

Mama Doa aliporudi alimkuta mumewe amekaa juu ya kiti cha wateja, ameshika kichwa.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Risiti."

"Risiti za nini?"

"Ndiyo hapo sasa. Hata mimi sijui tena."

Mama Doa alizishika moja moja akazielekeza dirishani kwenye mwanga. Hakuona namba wala jina la duka. Zile za pango la chumba tu ndizo zilizopona, kwa sababu mwenye nyumba aliziandika kwa kalamu. Hizo zilikuwa zimenyooka vizuri sana.

Alitaka kumgombeza mumewe, akamtazama usoni, akaacha. Alikaa chini. Aliyaona mashuka ya hospitali yanakwenda zake. Moyo ulimuuma, na hakuuficha.

"Nilikuwa nimeshapanga mpaka kamba za kuyaanika," alisema.

Wakiwa katika hali hiyo, aliingia rafiki wa Nyoosha. Huyu aliitwa Njia Fupi. Hakuwa na kazi inayojulikana, lakini hakukosa viatu vizuri. Kila mtu akiwa na shida na ofisi fulani, yeye alimjua mtu wa ndani. Alisikiliza habari yote, akapunga mkono.

"Hili tu? Shemeji, usilie. Risiti zinatengenezwa. Nina kijana, ana mashine. Nyie nipeni hela kidogo na namba yenu ya siri ya kodi. Nitaandika biashara haikupata kitu mwaka huu. Cheti mtakiona keshokutwa."

Nyoosha alianza kuinua kichwa. Ukweli usemwe, maneno yale yalimwingia vizuri. Mtu anayezama hachagui kamba.

"Biashara haikupata kitu?" Mama Doa aliuliza. "Mashine ile nimeinunua kwa kitu gani?"

"Shemeji, hayo ni maandishi tu."

Mama Doa alisimama. Alichukua shati moja lililokuwa linasubiri, lenye doa la mchuzi kifuani.

"Shemeji, unaliona hili? Mwenye shati angelipiga pasi likiwa hivi, doa lingekaa hapo milele. Hata mimi nisingelitoa. Doa linatolewa kwanza, pasi baadaye. Wewe unataka tulipige pasi doa letu."

"Sasa wewe unazungumza habari za nguo."

"Ndizo ninazozijua. Na nyingine ninayoijua, njia ya mwongo ni fupi."

Njia Fupi alitazama viatu vyake. Akaaga, akasema atapita siku nyingine.

Nyoosha alimsindikiza kwa macho. Ndani ya moyo alikuwa amekasirika kidogo, na zaidi ya hasira alikuwa anaona fahari. Mkewe alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili ndoto yake mwenyewe, na bado alikataa kuiokoa kwa uongo.

Jioni ile alikuja mteja mmoja wa kike waliyemwita Mashati Meupe. Kila wiki alileta mashati meupe, na kila wiki mkono wa kulia ulikuwa na wino. Kwa hiyo Mama Doa alijua mteja huyu ni mtu wa kuandika. Zaidi ya hapo hakuwahi kumuuliza. Mteja aliweka hela mezani, akaona zile karatasi nyeusi.

"Hizi ni nini?"

Nyoosha alitaka kuzifunika. Mkewe alimzuia mkono.

"Mficha uchi hazai," alisema. Kisha akamweleza mteja mambo yote, tangu shuka la leba hadi pasi.

Mashati Meupe alicheka mpaka akakaa. Halafu akajifuta macho.

"Nisameheni. Sijawahi kuona risiti zilizopigwa pasi. Kaka, karatasi hizi haziandikwi kwa wino. Mashine ya dukani inaandika kwa joto. Ikipata joto kidogo, inatoka herufi. Wewe umezipa joto lote, zimekuwa herufi tupu."

"Basi yamekwisha," alisema Nyoosha.

"Hayajakwisha. Mimi ni mshauri wa kodi. Kazi yangu ndiyo hii. Ofisi yangu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapo mbele ya benki."

Nyoosha alishangaa. "Mshauri wa kodi si mtu wa makampuni makubwa?"

"Na wewe je, unafua suti za wakurugenzi peke yake?"

"Hapana. Nafua hata ovaroli za makanika."

"Mimi pia nina makanika. Nina mwalimu mwenye nyumba ya kupangisha. Nina mama mwenye saluni. Njooni kesho asubuhi."

Asubuhi walipanda ngazi za lile duka. Nyoosha alikuwa amejipiga pasi mwenyewe, usingepata mkunjo hata kwenye kola. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza, kompyuta na kabati la chuma. Ukutani palikuwa na karatasi ndani ya fremu.

"Kabla hamjanipa kitu chochote," alisema mshauri, "someni ile pale."

Mama Doa alisogea, akasoma kwa sauti. Ilikuwa leseni yake ya kazi, yenye jina lake, namba yake na mwaka.

"Mtu akikwambia atakusaidia mambo ya kodi, muulize leseni," alisema mshauri. "Usione haya. Namba hiyo mnaweza kuiuliza ofisi ya kodi, watawaambia kama ni ya kweli. Mwenye leseni akikosea, ana pa kushitakiwa. Asiye na leseni tunamwita kishoka. Yeye akikosea, unabaki wewe na kosa lako, na simu yake haipatikani."

"Huyo tunamjua," alisema Nyoosha. "Ana viatu vizuri."

"Kawaida wanavyo. Jambo la pili. Bei yangu ni hii, na nitaiandika kabla ya kazi. Na namba yenu ya siri ibaki kwenu. Tukifika mahali pa kuiweka, mtaiweka wenyewe hapa, mimi nikitazama ukutani."

Halafu wakaanza kazi. Mshauri aliwaeleza polepole.

"Watu wengi wanadhani kodi inakatwa kwenye kila kinachoingia. Kwa biashara yenu sivyo. Mnahesabu kilichoingia. Mnatoa kilichotumika kuendesha biashara. Kinachobaki ni faida, na kodi inatoka hapo. Ndiyo maana risiti ni mali. Risiti ikipotea, ni kama hukutumia."

"Na zangu zimeungua," alisema Nyoosha.

"Karatasi zimeungua. Manunuzi hayajaungua. Sabuni mlinunua wapi?"

"Kwa mtu wa jumla, kona ya soko."

"Mashine yake imehifadhi kila alichouza. Nendeni mkamwombe nakala. Mashine ya kufulia?"

"Duka la vyombo vya umeme."

"Waombeni nakala ya ankara. Umeme mnalipa kwa simu?"

"Ndiyo."

"Basi kampuni ya simu inayo orodha ya malipo yenu. Tutaiomba."

Uso wa Nyoosha ulianza kukunjuka. Akapata ujasiri.

"Na viatu vya watoto vya shule, tuviweke?"

"Watoto wanafua dukani?"

"Hawafui hata soksi zao."

"Basi hivyo ni vya nyumbani. Haviingii."

Mama Doa alicheka, akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Kwa kweli hapo ndipo walipokuwa wamekosea siku zote. Hela ya duka na hela ya nyumbani zilikaa kwenye kopo moja. Sabuni ya wateja ndiyo iliyoogesha watoto. Mshauri aliwaambia watenganishe kuanzia siku hiyo: kopo la duka liwe la duka, na laini ya simu ya kupokea malipo ya wateja iwe ya peke yake.

Siku zilizofuata zilikuwa za kutembea. Nyoosha alikwenda kwa mtu wa jumla, ambaye alimcheka kwa sauti lakini akampa nakala zote. Duka la vyombo vya umeme walimzungusha, njoo leo, njoo kesho, akaenda tena na tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwishowe walimpa ankara yake. Mama Doa naye alileta vishina vya tiketi za wateja, vile vinavyobaki kitabuni nguo ikipokelewa. Hivyo vilionyesha kilichoingia, na havikuwa vya joto bali vya kalamu yake mwenyewe.

Nakala zilipofika, mshauri alizipiga picha zote kwa simu mbele yao.

"Hata bila pasi, karatasi hizi hufifia zenyewe," alisema. "Mkipata risiti, pigeni picha siku ileile. Halafu iwekeni mahali pakavu, mbali na jua. Na mbali na kaka."

Palibaki jambo moja. Makaa ya pasi ya akiba, ile ya siku umeme ukikatika, walinunua kwa wachuuzi, na wachuuzi hawakutoa risiti. Nyoosha alitaka yaingizwe.

"Nilinunua kweli," alisema. "Mungu ananiona."

"Nakuamini. Lakini sina cha kuonyesha, na wewe huna. Tunaacha. Nikiandika hili bila ushahidi, kesho nitaandika nini?"

Nyoosha alinuna kidogo. Na hesabu ilipokamilika, alinuna tena, kwa sababu ilikuwapo kodi ya kulipa. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa miaka yote, lakini ilikuwa hela ya jasho.

"Inauma kutoa," alisema.

"Inauma," mshauri alikubali. "Mimi pia nalipa. Lakini niwaulize swali. Mashuka yale mnayoyataka, hospitali inayanunua kwa hela ya nani?"

Nyoosha aliinama, akaisoma hesabu tena. Lakini Mama Doa neno lile lilimwingia.

Kabla ya kutuma, mshauri aligeuza kompyuta iwaelekee.

"Mimi nimewasaidia kuandika. Lakini ritani ni neno lenu, si langu. Someni mpaka mwisho. Mkiona uongo, semeni sasa."

Mama Doa alisoma. Alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Mahali pengine alikwama, akauliza, akaelezwa, akaendelea. Alipofika mwisho alinyoosha mgongo.

"Ni kweli yote," alisema. "Hivi ndivyo tulivyofanya kazi mwaka mzima."

Hakuwahi kuona kazi yao imeandikwa mahali pamoja. Alishangaa ilivyokuwa kubwa. Nyoosha pia aliiangalia, akasahau kununa. Wakaweka namba yao ya siri, na mshauri akatazama ukutani kama alivyoahidi. Kisha wakalipa kodi benki, hapo mbele, wakarudi na karatasi ya benki.

Cheti kilitoka kabla ya mwisho wa mwezi. Mama Doa alikishika mikono miwili. Mumewe alisogea kukitazama, akaona pembe moja imejikunja kidogo.

"Wewe," alisema mkewe, "kaa mbali na pasi."

Walipeleka maombi pamoja na cheti, na hospitali ikaita madobi waliokuwa na karatasi kamili. Hawakuwa wengi. Mmoja alikuwa na cheti kilichokataliwa mlangoni, kwa sababu namba yake haikuwapo ofisi ya kodi. Alipoulizwa alikitoa wapi, alisema alitengenezewa na mtu mwenye viatu vizuri. Nyoosha alisikia, akamgeukia mkewe, akainamisha kichwa.

Mganga mkuu aliwauliza kila mmoja yeye ni nani. Zamani Nyoosha angejibu, "Mimi dobi tu." Safari hii alijibu tofauti.

"Mimi na mke wangu tuna biashara ya kufua. Tuna leseni, tunalipa kodi, na madoa tunayatoa kabla ya kupiga pasi."

Kazi wakapewa wao.

Asubuhi ya kwanza walipeleka mashuka wenyewe, yamekunjwa pembe kwa pembe. Waliajiri watu wa kuanika, na mashine ya pili ilikuwa njiani, tena kwa ankara iliyokwisha pigwa picha. Muuguzi aliyapokea mashuka kwenye wodi ya wazazi. Mama Doa akaomba jambo moja.

"La kwanza nitandike mimi."

Palikuwa na kitanda karibu na dirisha, na mama kijana amesimama kando yake na kichanga kifuani. Mama Doa alilitandaza shuka. Nyoosha alilivuta upande wa pili hadi likatulia, halafu akalipitishia kiganja. Mama kijana alikaa, akaligusa, akalinusa.

"Laini," alisema. "Nani amelifua?"

"Sisi," alisema Mama Doa.

Alitaka kuondoka, lakini miguu haikutaka. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa palepale, cha tatu kutoka mlangoni. Alikumbuka lile shuka gumu na lile doa. Alikumbuka pia swali la mshauri ambalo hawakulijibu. Aliona fahari iliyomjaa mpaka machoni, na hakuifuta.

"Baba Nyoosha," alimwita mumewe kwa utani, "unajua kwamba hili hatukulifua tu? Tumelinunua pia."

Nyoosha alifikiri kidogo, akaelewa, akacheka taratibu.

Mama Doa aliinama juu ya kichanga. Kilikuwa kimefumba macho, ngumi zimekunjwa, ngozi ina mikunjo mingi ambayo hata Nyoosha hakuthubutu kuinyoosha.

"Lala, mwanangu," alikiambia. "Shuka limelipiwa."